Nilinyamaza Tu, Sikukubali

Lindi mjini,
Jumatano asubuhi.

Kwa Baba yangu, Mzee Saidi, Mitole.

Shikamoo Baba. Najua umeitikia moyoni hata kabla hujavaa miwani, kwa hiyo nami nimeipokea marahaba yako hapa nilipo, kwenye benchi la gesti, nikiwa mzima wa afya. Wewe je? Goti linasemaje? Shangazi Fatu aliniambia siku hizi unakwenda shamba na fimbo, na ukiulizwa unasema fimbo ni ya nyoka. Mimi nakufahamu, Baba. Nyoka wa Mitole hawajawahi kukusumbua. Nakuomba mwaka huu umwachie Baba mdogo Mfaume kazi ya kupuliza mikorosho dawa, wewe ukae pembeni uwe unamkosoa, maana hiyo kazi unaiweza zaidi. Na ufuta je, umekwisha kukatwa wote? Sisi huku jua ni kali na upepo ni wa kutosha.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu ninayo, tena niko Lindi, si mbali kama nilipozoea kuwa. Sababu ni kwamba mimi na wewe simu hatuiwezi. Hujambo. Sijambo. Mvua? Ipo. Haya, nakupa Shangazi yako. Ndivyo tulivyoongea miaka minne yote niliyokaa Mwanza, na hata kabla sijaondoka, tangu Mama alipotutoka na Shangazi akaja kututunzia nyumba, wewe na mimi tulikuwa tukila sahani moja bila neno na kila mtu akiridhika. Ana kwa ana ndiyo mbaya zaidi. Nikifika hapo nitapiga magoti, nitakusalimu, nitaingia jikoni, na nitatoka humo jikoni siku ya harusi. Ndiyo maana karatasi inatangulia.

Neno lenyewe ni hili, naliandika mapema ili usihangaike kulitafuta. Siku ile mliponiuliza kwa simu habari ya Bakari, nilinyamaza tu. Sikukubali.

Sasa weka chini barua upumue, halafu uendelee, maana nataka ujue ilivyokuwa.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu sijawahi kukueleza sawasawa. Nilikwenda Mwanza kushona, hilo unalijua. Nilimshonea dada Regina nguo za michezo yake. Yeye ni Msukuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, kikundi ni chake na ndiye anayetuongoza. Siku moja alinisikia naimba huku cherehani inakwenda. Akaja akasimama nyuma yangu, nikanyamaza. Akasema, "Endelea, mimi sipo," akageukia ukuta. Nikaimba mpaka mwisho. Tangu siku hiyo niko jukwaani. Ukiniuliza mtu wa haya kama mimi naimbaje mbele ya umati, nitakwambia kuimba si kusema. Maneno ametunga mtu mwingine, mimi nayapitisha tu.

Mchezo tunaozunguka nao unaitwa Wasiotazamana. Unaimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa ngoma, gitaa na kinanda, na habari yake ni ya watu wawili wenye haya. Mwanamume ni fundi cherehani. Mwanamke, ambaye ndiye mimi, anauza vitumbua ng'ambo ya barabara. Wanapendana na hakuna anayethubutu kusema. Fundi anafumua mshono wa shati lake mwenyewe ili apate sababu ya kukaa barazani akiushona upya, na mimi naunguza vitumbua nikimwangalia kwa pembe ya jicho. Kila mmoja anaimba akiwa amempa mwenzake mgongo. Mtaa mzima unajua isipokuwa wao. Mwisho majirani wanachoka, wananiletea mimi posa kwa niaba ya fundi, na siku ya ndoa inafika. Mimi nimekaa nyuma ya pazia, nimefunikwa, sheikh anakuja kuniuliza kama nimeridhia. Nanyamaza. Ngoma nazo zinanyamaza. Kisha sheikh anawageukia watu, anasema, "Mwali amenyamaza," na uwanja wote unapiga vigelegele, maana kila mtu anajua kimya kile ni ndiyo. Pazia linaondolewa, tunatazamana kwa mara ya kwanza, na mchezo umekwisha.

Nimekaa kimya hivyo Mwanza, Shinyanga, Tabora, Dodoma na Morogoro, na kila mahali wanawake wamelia kwa furaha. Mimi mwenyewe nilikipenda. Nilijiona bingwa wa kunyamaza.

Anayecheza fundi ni Joachim, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mtu ambaye jukwaani ana haya kuliko bibi harusi na akishuka haachi kuongea hata anapokula. Nakwambia mapema ili Shangazi asijisumbue kunusanusa: Joachim ana mke na watoto watatu, na mimi kwake ni dada. Hakuna mwanamume mwingine nyuma ya barua hii. Laiti angekuwepo ingekuwa rahisi zaidi kunielewa, lakini hayupo.

Tulipokuja kusini basi letu la kukodi lilipita Somanga asubuhi, likasimama watu wanunue samaki. Nilivuta ushungi mpaka puani nisijulikane. Somanga ukijulikana lazima ushuke, ukishuka lazima ufike nyumbani, ukifika lazima ulale, na dada Regina hana subira hiyo. Nangurukuru nayo niliipita nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Uniwie radhi kwa hilo. Ratiba yetu ilikuwa Lindi kwanza, kisha Milola, ndipo tugeuze kurudi Kilwa Masoko. Na pale Somanga, nikiwa nimejificha, mbele ya dirisha langu palikuwa na duka la spea za pikipiki lenye mlango wa kijani. Sikujua kwamba ni la mtu ambaye watu wake wangekuja kukaa kwenye mkeka wako wiki ile ile.

Simu yenu ilinikuta hapa hapa Lindi, saa nne asubuhi, nikipiga pasi nguo za mchezo. Umeme ulikuwa umekatika, nimeazima pasi ya mkaa. Nikaona jina lako, nikashtuka, maana wewe hupigi, wewe hupigiwa.

"Somoe, hujambo?"

"Sijambo Baba, shikamoo."

"Marahaba. Wamekuja watu."

Ukakohoa. Ukaniambia ni watu wa Somanga, watu wa heshima, wameleta posa ya kijana wao Bakari, mwenye duka la spea. Nikasikia vikombe vinagongana, nikajua hatuko wawili. Simu mmeilaza kwenye mkeka, sauti mmeifungua yote, na kila aliyekuja ameinama kunisikiliza. Ukasema, "Wewe wasemaje, mwanangu?"

Nilifungua mdomo, Baba. Wallahi nilifungua. Ulimi ukawa mzito. Nikawaza wageni wapo, nikisema vibaya nitakuaibisha. Nikawaza nikiomba muda wataona najidai kwa kuwa nimekaa mjini. Nikawa natafuta neno la adabu la kusema sitaki, na katika maneno yote niliyofundishwa nyumbani kwetu hilo halikuwemo. Nadhani pumzi tano hazikupita. Baba mdogo Mfaume akasema, "Kimya." Akairudia kwa raha, "Kimya cha mwali, jamani. Alhamdulillahi." Shangazi akapiga kigelegele kilichonitoboa sikio. Nikasikia dua, nikasikia amina, simu ikakatika. Pasi ilikuwa imebaki juu ya kanzu ya sheikh wa mchezo. Ikaunguza tundu la ukubwa wa kiganja katikati ya mgongo, nimelitia kiraka lakini kinaonekana.

Kesho yake Baba mdogo akaniletea ujumbe kwamba wameacha pete na kanga, harusi itakuwa korosho zikishauzwa, na namba yangu amempa Bakari ili tuzoeane.

Bakari akapiga siku ya tatu. Akatoa salamu, nikaitikia. Akasema, "Ni Bakari." Nikasema, "Naam." Basi. Huko kwake nilisikia pikipiki inapigwa kiki inakataa kuwaka. Yeye bila shaka alisikia kuku wa gesti. Tulinyamaziana mpaka nikaanza kumwonea huruma. Mwisho akasema, "Haya," nami nikasema, "Haya," akakata.

Joachim alikuwa amekaa karibu akimenya chungwa. Akasema, "Somoe, huyo ndiye. Huo ni mchezo wetu mtupu. Watu wawili wa haya, unataka nini tena?"

Sikulipuuza neno lake. Nililala nalo siku mbili. Nilijaribu kumpenda Bakari, Baba, nakwambia kweli. Nilijikumbusha aliyonisifia Baba mdogo, kwamba anasali, hana ugomvi na mtu, na ndiye aliyemsomesha mdogo wake. Yote nilikubali. Moyo haukwenda. Wale wa kwenye mchezo wananyamaza kwa sababu wana mengi mno ya kusema. Mimi na Bakari tulinyamaza kwa sababu hatukuwa na la kuambiana, na nilijua hata akinipigia kila siku mpaka korosho zivunwe halitapatikana. Lakini nilimwambia nani? Hakuna. Nikakunja nguo za mchezo, tukaondoka kwenda Milola.

Njia ya Milola ilitutesa. Gari lililobeba vyombo lilizama kwenye mchanga, wanaume wakasukuma, wanawake tukabeba spika vichwani kama mitungi ya maji. Tulifika tumechoka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanawake tulipewa vyumba kwa mama mmoja mtu mzima, Bi Hadija, mjane mwenye mashamba ya ufuta na maneno machache. Alitutazama mmoja mmoja, akaniuliza mimi, "Wewe ndiye mwali?" Nikasema ndiyo, wa mchezo. Akasema, "Aa," akaenda zake kuchota maji.

Tulicheza uwanja wa shule, baada ya Alasiri ili mwanga usituishie. Watu walikaa kwenye majamvi na madawati, na waliotoka vijiji vya jirani walisimama wakiegemea baiskeli zao. Walicheka panapochekwa. Joachim alipofumua shati lake, mzee mmoja alimwambia hivyo sivyo, mshono unaanzia kwapani. Mambo yakaenda vizuri mpaka mwisho.

Nikakaa nyuma ya pazia, nimefunikwa. Kassimu, mwenzetu anayecheza sheikh, akaja na ile kanzu yenye kiraka. Akaniuliza kama ilivyoandikwa kama nimeridhia kuolewa na fundi. Nikanyamaza kama ilivyoandikwa. Akageuka awaambie watu. Kabla hajasema, Bi Hadija, aliyekaa mbele kabisa juu ya kigoda, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsahihisha msuka mkeka, "Bado hajajibu huyo. Muulize tena."

Watu wakacheka. Kassimu ni mtu mwema lakini hawezi kubuni, na akiambiwa jambo na mtu mzima hulitii. Akanigeukia, akaniuliza mara ya pili. Nikanyamaza. Bi Hadija akasema, "Ya tatu, sheikh. Na usogee, unamziba." Wanawake wengine nao wakaingia, muulize, muulize. Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Kassimu akaniuliza mara ya tatu na sauti yake haikuwa ya sheikh tena, ilikuwa ya mtu anayeomba msaada.

Sijui nikwambieje, Baba. Pale nyuma ya pazia sikuwa Milola. Nilikuwa nimeshika pasi, nasikia vikombe vyenu. Na neno lililokataa kutoka siku ile likatoka siku hii, kwa sauti ambayo hata dada Regina hana.

"Sitaki."

Mpiga ngoma, kwa mazoea, akapiga mlio wa furaha, akajikuta yuko peke yake, akaacha. Joachim alikuwa amesimama upande wa pili na shati lake la harusi, amenyoosha mikono nusu, hajui aishushe au aiinue. Mwanamume mmoja nyuma akauliza, "Sasa posa inarudishwa?" Mwanamke akamjibu, "Si umesikia?" Nikainuka na shela yangu, nikakatiza uwanja, nikaingia kwenye darasa tulilolifanya chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa kwenye dawati la watoto nikalia. Nililia kwa aibu. Ila nikwambie ukweli, chini ya ile aibu palikuwa na nafuu kama ya mtu aliyetua ndoo.

Aliyetuokoa ni Joachim. Aliwapa watu mgongo, akaimba wimbo wake wa kwanza upya, polepole, bila gitaa, huku akikunja kitambaa na kufunika cherehani yake. Alipomaliza wakapiga makofi. Wapo waliosema huo ndio mchezo wa kweli, na wapo waliosema tumewadhulumu harusi yao.

Asubuhi Bi Hadija aliniletea mihogo na chai chumbani. Nilijua amekuja kunisema. Akakaa kitandani, akasema, "Mwanangu, nimekuharibia kazi?"

"Hapana Bibi, nimeiharibu mwenyewe."

"Mimi sikukusudia. Ila nikiona mwali anaulizwa mara moja tu nashindwa kukaa. Mimi siku yangu nilikuwa na jino."

"Jino?"

"La nyuma huku. Shavu limevimba hivi. Wakaja kuniuliza, mdomo haufunguki. Wakasema kanyamaza huyo, vigelegele, nimeolewa."

"Ukafanyaje?"

"Jino nikaling'oa siku ya pili. Mume nikakaa naye miaka thelathini na nane."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika kwenye shuka lake. Yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akasema, "Hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Lakini kila tukigombana alikuwa ananiambia, si ulikubali mwenyewe? Na mimi sikukubali. Nilikuwa na jino tu."

Dada Regina hakunigombeza mbele ya wenzangu. Alinichukua pembeni, akasema, "Ile sitaki haikuwa ya Joachim. Ilikuwa ya nani?" Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi ipeleke kwa mwenyewe. Nikupeleke Masoko ukanivunjie ndoa nyingine? Kabla sijasimamisha jukwaa Masoko, neno hilo liwe limefika kwenu. Lisipofika, nyuma ya pazia atakaa mwingine." Nimeona ana haki. Nami sitaki mwingine akae pale.

Kwa hiyo tumerudi Lindi, nami nimekaa kuandika. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nilianza na hali ya hewa nikaishia na hali ya hewa. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi aishushe Nangurukuru, kwa rafiki yako mwenye duka la pembejeo, naye atakufikishia. Mimi nitaingia Mitole Jumanne, siku nne kabla ya mchezo wa Masoko.

Baba, nisikilize. Nakuomba uwaite watu wa Somanga uwarudishie pete yao na kanga zao kabla sijafika. Usiwaambie mtoto amegeuka, sikugeuka, hapo mwanzo sikuwa nimekwenda. Waambie tulikosea sisi, tuliuliza kwa simu mbele ya wageni na hatukungoja jibu. Kosa tugawane. Nusu ni lenu kwa haraka, nusu ni langu kwa kukaa siku zote hizi nikijua na nisiseme. Nusu yangu naibeba, na nitawaomba radhi wao kwa mdomo wangu kama watakubali kuniona.

Najua dini imemhurumia mwali mwenye haya ikakipokea kimya chake. Naiheshimu huruma hiyo. Lakini nimeifikiria sana huku njiani, nami naona imewekwa kwa ajili ya msichana ambaye ndiyo yake imekwama kooni. Haikuwekwa ili asiyetaka apotelee humo. Tena ni dini hiyo hiyo iliyotaka aulizwe kwanza, na wewe uliniuliza, ulitimiza lako. Niliyepungukiwa ni mimi. Sasa natimiza langu.

Jumanne nitalisema mbele yako, mbele ya Baba mdogo na Shangazi. Nitatetemeka. Huenda nikalia. Mkiona nalia msinisaidie maneno, ningojeni tu, litatoka. Najua Mitole watasema Somoe kaharibikia Mwanza. Waseme. Sitaacha kuimba, na sijasema sitaolewa. Siku nikimpata wa kumtaka wewe ndiye utakuwa wa kwanza kujua, na utajua kwa sababu nitakwambia.

Nifikishie salamu kwa Baba mdogo Mfaume, mwambie simlaumu, alifurahi mapema tu. Na awe anavaa kitambaa puani akipuliza dawa. Msalimie mdogo wangu Hamisi akija kutoka shule Kivinje, mwambie kitabu alichoniagiza ninacho kwenye begi. Msalimie jirani yetu Mama Zainabu, anayekupikia uji Shangazi akiwa hayupo, na mwalimu wangu wa chuoni aliyenifundisha kusoma Kurani, ambaye najua atasikia habari hii na kutikisa kichwa.

Shangazi Fatu mpe salamu za peke yake. Jana nilimpigia. Habari hii sikumwambia, nilimuuliza tu Mama alijibuje siku yake. Wewe hujawahi kunisimulia harusi yenu, nami siku zote nilidhani Mama alinyamaza kama wanawake wote. Shangazi akasema hilo ni jambo la aibu, halafu akacheka. Anasema watu wa kwenu walimtuma yeye akakae na bibi harusi, kwa hiyo alikuwepo mkekani, bega kwa bega. Sheikh alikuwa bado hajamaliza kutaja jina lako na la babu yangu, Mama akasema, "Ndiyo, namtaka," kwa sauti iliyofika mpaka barazani mlikokaa wanaume. Bibi, mama yake, akamfinya paja. Barazani watu wakaangua kicheko. Shangazi akachungulia mlangoni kuona umefanyaje, na anasema wewe peke yako hukucheka. Uliinamisha kichwa, ukafuta macho kwa mkono wa kanzu. Na miaka yote mliyoishi, anasema, hukumruhusu mtu yeyote aifanyie mzaha sauti ile.

Kwa hiyo wewe, Baba, unajua kulivyo kujibiwa. Ulitakwa kwa mdomo, watu wakasikia. Bakari ni mtu mzuri, naye amtafute wa kumwambia hivyo. Usimtume Baba mdogo, mwendee wewe mwenyewe dukani, umwambie kwa upole ule wako: Somoe ameulizwa, na amesema hapana.

Mimi mwanao,
Somoe binti Saidi